Uongo wa Mia Mbili

Usiku wa kuamkia uchaguzi wa 2022 nilibeba daftari. Daftari la kawaida la kurasa 96, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, kama lile ulilotumia darasa la nne. Ndani yake mlikuwa na majina sitini na moja, na mbele ya kila jina tiki. Tiki moja ilimaanisha mia mbili.

Siku iliyofuata, kura zilipohesabiwa mbele ya macho yangu, mgombea wetu alipata tisa.

Nimelifikiria jambo hili karibu kila wiki tangu wakati huo, na bado sijui nani alimdanganya nani. Wengi wenu mnaoishi Nairobi mna jibu tayari: kula pesa yao, piga kura yako. Nimelisikia jibu hilo kanisani, kwa matatu, hata kwa wanasiasa wenyewe, wanaotuambia tule za wapinzani wao lakini kura tuwape wao. Nataka kulichunguza jibu hilo kwa sababu nilikuwa upande wa waliotoa pesa, na kati ya sitini na mmoja waliopokea kulikuwa na dani yangu.

Kama hujui Uriri, ukitoka Kisii kwa barabara kuu ya kwenda Isebania unapita Rongo, kisha Awendo penye kiwanda cha sukari, kisha Uriri, kabla hujaingia Migori mjini. Miwa pande zote. Wadi ziko tano na zote zinaitwa Kanyamkago: ya Magharibi, ya Kaskazini, ya Kati, ya Kusini na ya Mashariki. Yetu ni mojawapo. Sitasema ni ipi, kwa sababu nikisema utampata mgombea wangu kwa simu kabla hujamaliza aya hii, na sikuketi kuandika ili nimwaibishe. Ameshaaibika vya kutosha.

Nilikuwa nimerudi nyumbani mwaka uliotangulia. Chuo kilinishinda: kwanza karo, halafu deni la hosteli, halafu ile aibu ya kuwaepuka watu unaowadai na wanaokudai. Nilikuwa nimesoma falsafa mihula mitatu tu, kiasi cha kumtaja Kant lakini si kiasi cha kupata kazi. Mgombea huyu alikuwa anawania kiti cha MCA, mgombea huru, na alihitaji ajenti kijana asiyelewa na anayeweza kusoma fomu. Nilitosha.

Kuwa mgombea huru kwetu si jambo dogo. Huku ukipata tiketi ya ODM watu huanza kukuita Mheshimiwa kabla ya Agosti, na kwenye kampeni za 2022 wimbo ulikuwa wa suti kamili ya vipande sita, yaani upigie chama kimoja kuanzia rais hadi MCA. Lakini watu hawajasahau kwamba mwaka 2013 Migori ilimchagua Okoth Obado, mtu wa Rapogi hapahapa Uriri, kuwa gavana kwa tiketi ya chama kidogo cha PDP, na mgombea wa ODM akaachwa. Basi kila uchaguzi hujitokeza mtu anayeamini kwamba safari hii suti itakosa kifungo kimoja.

Na huyu wetu alikuwa na sababu ya kuamini. Kwa miaka minne mitano alikuwa amenunua majeneza, amekodisha mahema ya matanga, amelipia watoto wa wengine karo ya muhula mmoja mmoja. Binamu yangu alikimbizwa hospitali usiku kwa gari lake. Kwa hiyo ile mia mbili ya usiku wa mwisho, machoni pake, haikuwa hongo. Ilikuwa ni kama kumkumbusha mtu kwamba mnafahamiana. Sheria haioni hivyo. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji na mpokeaji vilevile, na haina kifungu cha jeneza lililonunuliwa miaka mitatu kabla. Mimi mwenyewe hadi leo siwezi kukuonyesha mstari unaotenganisha hema la matanga na mia mbili ya Jumatatu usiku, ingawa nina hakika mstari huo upo.

Tulifika kwa dani saa mbili usiku. Tulikuwa watatu: mimi na daftari, kijana wa bodaboda, na msaidizi wa mgombea aliyeshika pesa. Dani alitukaribisha, akatusikiliza, akapokea noti yake na kuikunja mara nne.

"Nitampa," alisema. "Huyo ni mtoto wetu. Haki ya Mungu nitampa."

Nikaweka tiki.

Halafu msaidizi akaongeza jambo ambalo sikuwa nimeambiwa. "Dani, kesho ukifika pale mwambie karani hujui kusoma. Watakusaidia haraka, hutasumbuka na makaratasi sita."

Kwa asiyejua mchezo huu, nieleze. Mpiga kura asiyeweza kusoma au kuona ana haki ya kusaidiwa na mtu anayemwamini. Asipokuja na mtu, msimamizi wa kituo ndiye humwekea alama, na hufanya hivyo mbele ya maajenti, ili wote washuhudie kwamba ameweka alama pale mpiga kura aliposema. Maana yake, mpiga kura hulitaja jina kwa sauti. Sheria iliwekwa ili kumlinda bibi kizee asiyeona. Wanunuzi wa kura waliigeuza kuwa risiti. Na ajenti ambaye angesimama pale kusikia sauti ya dani yangu alikuwa mimi.

Dani aliondoka kwenye kiti, akaingia chumbani, akarudi na Muma Maler, Biblia yetu ya Kijaluo, ile kubwa yenye jalada lililoshonwa upya kwa uzi wa gunia. Akaifungua katikati, popote tu, akasoma mistari mitatu kwa sauti bila miwani, pengine kwa kukariri, sijui. Kisha akamtazama yule msaidizi.

"Umesema mimi ni nani asiyejua kusoma?"

Msaidizi akaomba msamaha. Tukatoka. Pesa ilibaki.

Hapo ndipo fumbo langu lilipo. Mwanamke huyuhuyu, katika muda wa dakika tano, aliapa kwa jina la Mungu kufanya jambo ambalo sasa nina hakika hakukusudia kulifanya, halafu akakasirika hadi mikono ikamtetemeka alipoombwa aseme uongo mdogo, wa sentensi moja, kwa karani. Kwa nini ule uliwezekana na huu ukashindikana?

Tuanze na kile nilichobeba kutoka chuoni. Kant, katika kitabu chake cha 1785, anatoa mfano wa mtu aliyebanwa na shida, anayekopa pesa huku akiahidi kulipa, na anajua moyoni hatalipa. Kwake huo ni uovu usio na udhuru, kwa sababu kila mtu akifanya hivyo neno "naahidi" litakuwa kelele tu, na hakuna atakayemkopesha mwenzake. Nikisoma mfano huo namwona dani na noti iliyokunjwa mara nne. Ukitaka kumtetea unaweza kusema: ahadi ya kutenda baya haikufungi. Ukiniahidi utanisaidia kuiba ng'ombe wa jirani, kuvunja ahadi hiyo ndiyo heshima. Vizuri. Lakini utetezi huo unaruhusu kuvunja tu. Haumruhusu mtu kuahidi akijua atavunja, na kupokea malipo ya kuahidi. Nilipigia kichwa hicho ukuta mwaka mzima.

Nilipomuuliza mwenyewe, jibu lake la kwanza lilikuwa la mzaha. "Alikuja kunisumbua saa mbili usiku na mahindi yako motoni. Ile ilikuwa ya kumsikiliza." Nikacheka. Lakini baadaye, tukiwa tunatoa mahindi kwenye magunzi, akaniambia nifikirie kuhusu jirani yetu mmoja, mama wa kanisa, ambaye naye tulimfikia usiku ule.

Huyo mama alikataa. Alisema kwa upole kwamba yeye hachukui pesa za kampeni, za mtu yeyote, akatuombea usiku mwema. Mimi nilimheshimu sana. Nikaandika jina lake bila tiki. Na kufika saa tatu usiku, kwa sababu kijana wa bodaboda ana mdomo, kila mtu aliyekuwa upande wetu alijua kwamba yule mama ni wa upande ule. Hakuwa amesema hivyo. Pengine angempigia mgombea wetu bure. Lakini kukataa kwake kulisomwa kama kura, na wiki ile mwanawe, aliyekuwa akipakia miwa kwenye trekta ya mmoja wa watu wetu, aliambiwa nafasi imejaa.

"Sasa niambie," dani akasema, "ni nani kati yetu aliyeificha kura yake?"

Katiba ya 2010 inasema katika Kifungu cha 38 kwamba kila raia mtu mzima ana haki ya kupiga kura kwa siri, na Kifungu cha 81 kinataka uchaguzi usio na vitisho wala ushawishi usiofaa. Maneno mazuri, na yameandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi mahali ambapo anaweza kufunga mlango. Mjini ukikataa pesa ya mgombea, hakuna anayekukumbuka. Kijijini kukataa ni kutangaza. Anayetaka kura yake ibaki siri analazimika kupokea kwa kila anayekuja, na kumwambia kila mmoja ndiyo, kwa uso uleule. Dani alipokea kwa watatu mwaka ule. Hiyo ndiyo siri ya kura kwetu, na bei yake ni uongo.

Hapo nikaelewa pia kwa nini hakukubali uongo wa pili. Uongo wa kwanza uliifunika kura yake. Wa pili ungeifungua mbele ya mwalimu aliyekuwa msimamizi wa kituo, maajenti wote, na mjukuu wake. (Kulikuwa na majivuno pia. Msimtoe mtu majivuno ya kujua kusoma aliyoyapata akiwa na watoto watano.)

Kuna mwanafalsafa ambaye asingekubaliana naye hata kidogo. John Stuart Mill, katika kitabu cha 1861 kuhusu serikali ya uwakilishi, alipinga kura ya siri. Alisema kura si mali ya mpiga kura, afanye nayo apendavyo. Ni amana. Umeishika kwa niaba ya wengine wote, kwa hiyo unapaswa kuitumia mbele ya macho yao, uulizwe, ujibu. Uingereza haikumsikiliza, ikapitisha sheria ya kura ya siri mwaka 1872. Nakiri neno lile la amana linanipendeza. Linaeleza kwa nini kura haiwezi kuuzwa: huuzi ulichowekewa tu.

Nilimsimulia dani habari za Mill, kwa Kijaluo, nikimwita "mzee mmoja Mwingereza". Akaniambia kwamba sisi tulishafanya alivyotaka huyo mzee, mwaka 1988.

Alikuwa na maana ya mlolongo. Katika uteuzi wa KANU mwaka ule watu walipanga foleni nyuma ya wagombea wao au picha zao, wakahesabiwa kama ng'ombe wa josho, na aliyezidi asilimia 70 alipita bila kwenda kwenye sanduku. Maaskofu kama Henry Okullu na Alexander Muge waliupinga waziwazi. Inajulikana kwamba pengine foleni fupi ndiyo iliyotangazwa kushinda, lakini alichokumbuka dani si hicho. Alikumbuka kwamba babu alisimama kwenye foleni moja, na yeye, bila kumwambia, akasimama kwenye nyingine, ng'ambo ya uwanja, na macho yao yakakutana. Babu hakusema naye hadi Jumapili. Na chifu alikuwa amesimama katikati akiangalia nani yuko wapi. Miaka miwili baadaye mlolongo ukafutwa, lakini nadhani watu wa rika la dani hawakuwahi kuamini kwamba ulikwisha. Walijifunza tu kuupanga usoni, kila mtu akitabasamu kuelekea kila upande.

Mill hakuwahi kuwa na chifu. Ndivyo ninavyomjibu.

Sasa kuhusu zile tisa. Kura za MCA zilihesabiwa mwisho, baada ya rais, gavana, seneta, mbunge na mwakilishi wa wanawake, na tulikuwa tumechoka kiasi cha kusinzia tukiwa tumesimama. Msimamizi aliinua karatasi moja moja kwenye mwanga wa taa, tuone alama. Nilikuwa naweka vijiti kwenye kipande changu cha karatasi, na kijiti cha tano kilipokata vinne vya kwanza nilidhani tumeanza. Baada ya hapo vilikuja vinne tu. Tukatia saini Fomu 36A, na nakala ikabandikwa mlangoni kwa watu wote kuona.

Ubandikaji huo ni jambo jema. Zamani masanduku yalisafirishwa hadi ukumbi wa mbali na njiani lolote lingeweza kutokea. Tangu 2002 kura huhesabiwa palepale zilipopigwa, na mwaka 2017, katika kesi ya Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa ikathibitisha kwamba matokeo yaliyotangazwa kituoni ni ya mwisho. Watu walipigania hilo. Lakini sheria hiyohiyo imeweka kwamba kituo kimoja kisizidi wapiga kura 700, na kwetu walikuwa 400 na kitu, watu wa boma tatu nne wanaozikana. Ukibandika mlangoni pao kwamba fulani amepata tisa, umewaambia kwamba hamsini na wawili kati ya sitini na mmoja walisema uongo. Hujataja jina. Hakuna haja.

Mgombea wetu alikuja siku ya tatu. Alikuja peke yake, kwa bodaboda, na gari lake zuri alikuwa ameliacha sijui wapi, au ameshaliuza. Tuliketi chini ya mwembe, akaomba daftari. Akasoma jina moja moja. Hakuwa na hasira niliyoitarajia. Kila jina alilisindikiza na kitu: huyu nililipia mtoto wake karo Kidato cha Pili, huyu tulizika naye mamake, huyu alinishika mkono akalia. Alifika kwa dani yangu, akanyamaza, akageuza ukurasa. Nilitaka kumwambia kwamba yeye pia alituahidi kisima na kivuko cha kwenda shuleni huku akijua MCA mmoja hana bajeti hiyo mfukoni, na kwamba hizo mia mbili zilikuwa kelele kwa pande zote mbili. Ni kweli. Lakini huwezi kumwambia mtu hivyo akiwa amekalia kiti cha plastiki bila gari.

Alipomaliza aliuliza, "Angalau moja kati ya hizi tisa ni yako, si ndiyo?"

Haikuwa yangu.

Nilipofika kibandani asubuhi ile nilikuwa na kalamu mkononi na ile karatasi ya rangi ya mchanga mbele yangu, na jina lake nililiona vizuri. Nilikuwa nimeamka usiku kumsikia dani akiambiwa ajifanye hajui kusoma. Mkono ukaenda kwa mwingine, mama mmoja ambaye hakuwa na pesa wala hema, na ambaye nilijua hangeshinda. Sikujiuliza mara mbili. Malipo ya uajenti niliyapokea jioni bila shida yoyote ya dhamiri. Nilikuwa nimelipwa kulinda kura zake, na hizo tisa nilizilinda.

"Ndiyo, Mheshimiwa," nikamwambia. "Moja ni yangu."

Ningeweza kusema kura ni siri. Ndiyo sentensi tuliyopewa na Katiba kwa ajili ya wakati kama huo. Lakini mtu akikuuliza hivyo, ukisema kura ni siri umeshajibu, kama yule mama wa kanisa alivyojibu kwa kukataa. Kwa hiyo nilifanya alichofanya dani. Tofauti ni kwamba yeye alidanganya kabla, akiwa na kitu cha kulinda, mwenye nguvu akiwa mlangoni. Mimi nilidanganya baada ya matokeo, mwenye nguvu akiwa ameshazimaliza zote. Sikuogopa chochote isipokuwa uso wake. Sijui kama huo ni udhuru mkubwa kuliko wa dani au mdogo zaidi. Mchana naona ni mdogo zaidi.

Akashukuru. Akaweka daftari kwenye kiti, akaenda zake.

Juzi amenipigia. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na safari hii anatafuta tiketi ya chama, kwa sababu, alisema, ya watu hayategemeki. Anataka niwe ajenti wake mkuu wa wadi, malipo mazuri, kwa vile mimi ni mmoja wa wale tisa. Akauliza pia kama lile daftari bado liko, angependa kujua pa kuanzia.

Liko. Kurasa zilizobaki dani alizichukua kwa hesabu za chama chao cha akina mama, mia moja moja kila Alhamisi. Majina mengi ni yaleyale, hata la yule mama wa kanisa, na safari hii lina tiki. Nilimwambia nitalitafuta nimpigie.